Mgongo unauma zaidi ya mwaka na bima sina, pesa kidogo niliyonayo nianzie wapi?

Fundi_Cherehani

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naomba mawazo yenu manake nimefika sehemu sijui nishike lipi niache lipi. Mgongo unanisumbua huku chini kiunoni, ni zaidi ya mwaka sasa, siku nyingine maumivu yanashuka mpaka kwenye tako na paja la kushoto ila hayavuki goti. Kazi yangu ni kushona, nakaa kwenye cherehani toka asubuhi mpaka jioni, nimejiajiri mwenyewe kwa hiyo bima ya afya sina, na ile ya kujilipia nilivyoulizia nikaambiwa tatizo ambalo tayari unalo mpaka upite muda wa kusubiri ndo wataanza kuligharamia. Sasa mgongo wenyewe hausubiri.

Juzi kati nilienda kliniki moja ya kulipia, daktari hakunishika hata mgongo, kaniuliza maswali mawili matatu afu kaandika MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, akasema bila hiyo picha hawezi kuanza chochote. Nilipouliza bei dirishani nikageuza nikarudi nyumbani. Kila mtu ana lake, jirani ananiambia ninunue mkanda wa kiuno, mwingine anasema kuna sindano za mgongo ukichomwa umepona kabisa, mwingine anasema nilale tu nipumzike mwezi mzima, sasa nikilala mwezi nani atashona? Ninachofanya kwa sasa nanunua diklofenaki duka la dawa, nikimeza napata nafuu naendelea na kazi, ila siku hizi tumbo limeanza kuwaka moto.

Maswali yangu: hivi MRI ni lazima kweli? Kwa mtu anayelipa kwa mfuko wake kama mimi, hii pesa ya kuunga unga bora niipeleke wapi kwanza? Na je niache kazi ya kukaa? Naombeni mnijibu jamani, usiku silali vizuri na watoto wananitegemea mimi tu.

Fizio_wa_Zamu

Pole sana dada. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, yaani kutibu kwa mazoezi na mikono, wagonjwa wa kiuno ndo nashinda nao, na wengi wananifikia wakiwa wameshamaliza pesa yote kwenye picha na sindano, hawana hata ya kurudi mara ya pili. Hii kitu inaniuma kwa hiyo nitaandika kirefu.

Kwanza kabisa jibu haya kwa ukweli. Umewahi kupata ganzi sehemu za siri au pale unapokalia? Mkojo unagoma kutoka au unatoka wenyewe, au choo kubwa unashindwa kuizuia? Kuna mguu unaishiwa nguvu, unyayo haunyanyuki unajikwaa jikwaa? Una homa zisizoisha, jasho la usiku, umepungua uzito bila sababu? Umewahi kuugua saratani au TB? Ulianguka au kupata ajali kabla haijaanza? Umetumia dawa za steroidi kama prednisoloni muda mrefu? Hizi ndo dalili zinazobadilisha kila kitu. Hiyo ya ganzi sehemu za siri na mkojo ni dharura, mtu hasubiri wiki ijayo, anaenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo hata kama hana senti mfukoni, manake neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa na zikichelewa kuachiwa zinaweza zisirudi tena. Habari ya bili itaongelewa akishatibiwa. Na TB ya mgongo ipo, inakula pingili taratibu taratibu, watu wanaichua kwa mafuta miezi na miezi, wakati dawa za TB nchi nyingi zinatolewa bure.

Kama majibu yako yote ni hapana basi upo kwenye kundi kubwa. Maumivu yakishapita miezi 3 tunayaita sugu, na kwa wagonjwa kama 9 kati ya 10 hakuna kitu kimoja cha kunyooshea kidole kwenye picha ukasema ni hiki. Haimaanishi hauumwi, unaumwa kweli, ila misuli, viungo vya pingili, neva zilizokuwa na hasira muda mrefu, kukosa usingizi na mawazo vyote vinachangia kwa pamoja, na MRI haipigi picha ya hivyo vitu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno, na vilivyopendekezwa vingi havihitaji mashine: mgonjwa aelimishwe tatizo lake, mazoezi yenye mpangilio, kusaidiwa kisaikolojia, kukandwa, na dawa za kundi la ibuprofeni kwa uangalifu. Mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine na dawa kali za jamii ya mofini wamesema zisiwe za kutumika kawaida kawaida tu.

Kwa hiyo ushauri wangu, pesa yako ya kwanza ipeleke kwa mtu atakayekushika. Akupime nguvu za vidole na unyayo, akuguse miguuni kuona kama hisia ziko sawa pande zote, akugonge magoti na kisigino, akunyanyue mguu ukiwa umelala chali aone unavuta wapi. Vifaa vyake ni mikono miwili na kinyundo cha mpira. Daktari ambaye hajafanya hayo na tayari kaandika MRI, huyo hajakupima bado dada yangu.

Baba_Pili

Nakuunga mkono mkuu hapo juu. Dada mimi ni dereva wa masafa marefu, bima sijawahi kuwa nayo, mgongo ulinishika mpaka nikawa nashuka kwenye gari kwa kushikiliwa. Nakuongezea upande wa pesa maana huko ndo watu tunaumia.

Anzia hospitali ya serikali au ya mashirika ya dini yenye idara ya fiziotherapia, na anzia ngazi ya chini wakupe rufaa, ukijirukia mwenyewe moja kwa moja hospitali ya juu sehemu nyingi unatozwa zaidi. Hospitali nyingi kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii, watu hawaijui kabisa hiyo ofisi, wanafikiri ni ya mayatima. Ile ndo inashughulika na mtu asiyeweza kulipa, wanaweza kukupunguzia, kukusamehe sehemu au kukupangia ulipe kidogo kidogo. Ila nenda KABLA ya huduma, ukienda bili imeshatoka wanakuwa hawana la kufanya au wanakuzungusha. Beba kitu chochote kinachoonyesha kipato chako na unaowalea.

Kingine uliza kama kuna chuo kinachofundisha fiziotherapia. Vyuo vingi vinakuwa na kliniki ambayo wanafunzi wa mwisho wanahudumia chini ya mwalimu wao, bei inakuwa chini na wale watoto wanakupa muda, wanakuuliza mpaka unavyolala. Mimi nilipata msaada mkubwa huko kuliko kwa wale wa haraka haraka.

Na ukifika kwa fizio mwambie ukweli toka dakika ya kwanza, usione aibu, sema "mimi nalipa mwenyewe, siwezi kuja mara tatu kwa wiki, naomba unifundishe nifanye nyumbani afu nirudi baada ya wiki tatu uangalie kama nafanya sawa." Fizio mzuri atakubali na atakuandikia kwenye karatasi. Akikuambia lazima ulipie kifurushi chote mwanzo, na kila ukija unalazwa unafungwa mashine ya kutetemesha nusu saa afu unaondoka hujafundishwa kitu, hama. Mashine haiendi nyumbani na wewe.

Sajenti_Mstaafu

Mimi natofautiana nanyi. Bila MRI mnatibu gizani. Mimi nilipiga ikaonekana diski mbili, vile vimto vya katikati ya pingili, zimetoka na pingili zimesagika, sasa nisingepiga ningejuaje? Dada uza hata kitu kimoja upige, afya kwanza. Mkanda nao unasaidia, mimi bila mkanda sitoki.

Fizio_wa_Zamu

Mzee wangu shikamoo, nakuelewa kabisa na sikatai kwamba picha ilikupa majibu. Ila hebu tuliangalie hili maana linaathiri watu wengi. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti za picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 ambao HAWAUMWI mgongo hata kidogo. Kwenye vijana wa miaka 20 tu, 37 kwa kila 100 diski zilionekana zimeanza kuchoka, na 30 kwa kila 100 zilikuwa zimevimba na kutokeza nje kidogo. Ukifika miaka 80 ni 96 kwa kila 100 diski zimechoka. Na hao wote hawana maumivu mzee. Sasa dada akipiga leo akaandikiwa diski imetoka, tutajuaje kama ndo inayomuuma au ilikuwepo hivyo hata kabla hajaanza kuumwa? Ninachokiona ni kwamba mtu akishasoma kile karatasi cha majibu anaanza kuogopa kuinama, anaogopa kubeba ndoo, anakaa, misuli inalegea, maumivu yanazidi. Na diski iliyotoka yenyewe mara nyingi mwili unaipunguza bila kupasuliwa.

MRI ina sehemu yake, siipingi. Ni pale kuna zile dalili za hatari nilizoziuliza, au mguu unazidi kupoteza nguvu, au maumivu yanashuka chini ya goti na umeshatibiwa vizuri kama wiki 6 au zaidi bila nafuu na daktari anafikiria sindano maalum au upasuaji. Hapo ndo uza kitu mzee, na mimi nitakuwa wa kwanza kumwambia auze. Kwenye mkanda, ukikusaidia siku ya safari au kazi nzito sawa, ila kuuvaa kila siku kama ndo tiba hapana, na pesa yake dada aiweke kwenye kupimwa.

Sajenti_Mstaafu

Marahaba. Mimi maumivu yangu yalikuwa yanashuka mpaka kwenye kidole gumba cha mguu na unyayo ulikuwa hauinuki vizuri, labda ndo maana walinipiga hiyo picha. Hilo la watu wasioumwa kuonekana vile sikuwahi kuambiwa na yeyote.

Fizio_wa_Zamu

Basi mzee kwako ilikuwa halali kabisa, unyayo kushindwa kuinuka ni sababu tosha. Ndo uone tofauti ya mgonjwa na mgonjwa.

Fundi_Cherehani

Asanteni sana, nimesoma yote mpaka nimetokwa na machozi kidogo maana hamna mtu aliwahi kunieleza hivi. Majibu: ganzi huko sina, mkojo na choo sawa, miguu ina nguvu, homa hamna, uzito nimeongezeka, sijaanguka. TB kwetu hajawahi kuugua mtu. Asubuhi nikiamka naumwa kidogo nikizunguka zunguka inaachia, ila nikikaa kwenye mashine ikifika mchana ndo balaa. Sasa niambieni hizi dawa nifanye nini, na mazoezi gani wakati nasubiri kwenda, naogopa nisije nikajivunja.

Mama_Famasi

Dada ngoja nikusaidie kwenye dawa, ndo kazi yangu. Hiyo diklofenaki inayochoma tumbo acha kwanza. Tumbo kuwaka ni onyo, dawa za kundi hilo zinachubua ukuta wa tumbo na zinaweza kuleta vidonda mpaka damu, ukiona choo cheusi kinachonata au unatapika damu nenda hospitali usiku huo huo. Zinapandisha presha na kuchosha figo pia, na mtu wa moyo, figo, presha au mjamzito hatakiwi kujinunulia tu. Na usije ukachanganya diklofenaki na ibuprofeni ukadhani zitasaidiana, ni ndugu hizo, unaongeza madhara tu. Ukienda kupimwa mwambie daktari umezitumia muda gani na tumbo linavyofanya, anaweza kukuruhusu uzitumie siku chache chache tu maumivu yakipanda, kwa dozi ndogo, umeshakula, pengine na dawa ya kulinda tumbo. Kuna na ya kupaka ya diklofenaki ambayo kwa tumbo ina nafuu, muulize kama inakufaa.

Ukinunua dawa taja jina la dawa yenyewe, usitaje jina la kampuni, omba ya bei nafuu yenye dawa ileile. Watu wanalipa mara mbili kwa sababu ya boksi zuri.

Afu kuna vitu viwili nakuomba kama mdogo wangu usiviguse. Cha kwanza ni vile vidonge visivyo na jina vinavyouzwa kama vya mitishamba ya mgongo na magoti, ukimeza siku moja unaruka kama mtoto. Baadhi ya dawa za namna hiyo zikipimwa zinakutwa zimechanganywa na deksamethasoni au prednisoloni, steroidi hizo, zinavimbisha uso, zinapandisha sukari na zinalainisha mifupa, mwisho pingili zenyewe ndo zinavunjika. Cha pili tramadoli ya kuuziwa bila cheti, inazoeleka mwilini, ukiacha unatetemeka, na kwa maumivu sugu ya kiuno faida yake ni ndogo. Kuhusu hizo sindano za kupona kabisa, muulize anayezichoma ni dawa gani imo ndani. Akishindwa kutaja jina ondoka.

Fizio_wa_Zamu

Asante Mama Famasi umemaliza. Dada nimefurahi na majibu yako, haujavunjika na hautavunjika kwa kujongea. Maumivu yanayopanda kidogo wakati wa zoezi na kurudi chini siku hiyo hiyo au kesho yake hayamaanishi umeumia. Yakipanda yakakaa siku mbili tatu, punguza kiasi, usiache kabisa.

Kitu cha kwanza ni kutembea na ni bure. Anza dakika ambazo unaziweza bila shida hata kama ni 10, kila wiki ongeza kidogo, lengo ufike dakika 30 siku 5 kwa wiki. Kuna utafiti ulifanyika Australia ukatoka 2024 kwenye jarida la Lancet, walichukua watu 701 ambao mgongo ulikuwa umewatulia karibuni, waliopewa mpango wa kutembea na fizio wa kuwaelekeza walikaa siku 208 kabla mgongo haujawarudia, wenzao ambao hawakupewa mpango huo walikaa siku 112, hizo ni siku za mtu wa katikati wa kila kundi. Wao walikuwa wameshapona, wewe bado, ila hata kwenye maumivu sugu kutembea kunasaidia na hakuna gharama, kwa hiyo usisubiri.

Ya ndani fanya haya mawili matatu ukiwa chini kwenye mkeka. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyanyua makalio taratibu mpaka mwili unyooke toka mabegani mpaka magotini, hesabu mpaka tano, shusha. Afu piga magoti na mikono chini, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma kwa pamoja, mgongo usizame, shikilia kidogo, badilisha. Jingine lala ubavu ukiegemea kiwiko, magoti yamekunjwa, inua kiuno toka chini. Anza mara chache tu kila moja, ukiona rahisi ongeza. Hamna zoezi moja lenye muujiza, lile ambalo ikipita miezi mitatu utakuwa bado unalifanya ndo zuri kwako. Tarajia wiki 6 mpaka 12 kabla ya kuona mabadiliko ya maana. Wengi wanaacha wiki ya pili wakisema haisaidii, na hapo ndo pesa ya fizio inapotea.

Kazi usiache! Mtu anayebaki na kazi yake, hata kwa kupunguza, kwa kawaida anaendelea vizuri kuliko anayelala, na kulala mwezi mzima ndo ushauri mbaya kuliko yote uliyopewa. Ila vunja ule ukaaji. Kila nusu saa simama hata dakika mbili, kata vitambaa ukiwa umesimama, pasi ukiwa umesimama, panga kazi zako zipishane, usikate vyote asubuhi afu ukashona mpaka jioni. Kiti kiwe na urefu ambao hauinamishi shingo na mgongo kuufuata mwanga wa sindano, leta taa karibu. Usingizi nao ni sehemu ya tiba, ukilala ubavu weka mto katikati ya magoti, ukilala chali weka chini ya magoti. Godoro ghali usinunue kwa ajili ya mgongo.

Kijana_22

Samahanini naingilia, mimi nina miaka 22, mgongo wangu ni kinyume na wa dada. Nikikaa au nikilala ndo unazidi, usiku wa manane unaniamsha, asubuhi nimekakamaa karibu saa nzima afu nikicheza mpira unapotea kabisa. Ulianza taratibu tu, mwaka wa pili huu. Na jicho moja huwa linakuwa jekundu linauma mwanga. Nifanye hayo hayo mazoezi?

Fizio_wa_Zamu

Mdogo wangu wewe usiishie kwenye mazoezi. Maumivu yanayoanza taratibu kabla ya miaka 45, kukakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, kupungua ukijongea na kuzidi ukipumzika, pamoja na hilo jicho, yanafanana na ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo vya mgongo na nyonga. Nenda kwa daktari umweleze hivi hivi ulivyoandika, na jicho likiwa jekundu na kuuma nenda kwa daktari wa macho siku hiyo, usipake matone ya kujinunulia. Kuna vipimo vya damu na eksirei ya nyonga, ila eksirei mwanzoni inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo ukiambiwa iko safi usikubali yaishe hapo, omba kuonana na daktari wa magonjwa ya viungo. Kwako pesa ya kupimwa ni ya lazima, anzia ile ofisi ya ustawi wa jamii aliyoitaja Baba Pili.

Fundi_Cherehani

Wakuu nimepiga simu hospitali ya serikali huku, kumbe fizio yupo siku mbili kwa wiki na kumuona ni sehemu ndogo sana ya bei ya ile MRI, ila wanataka kwanza nipite kwa daktari wa kawaida anipe karatasi. Ofisi ya ustawi wa jamii nayo ipo, wamesema nifike mapema. Naenda wiki hii. Kuna kitu natakiwa kubeba?

Baba_Pili

Safi sana. Beba pakiti za dawa zote ulizokuwa unameza, hata tupu. Na kile cheti cha MRI cha ile kliniki kibebe pia, mwonyeshe daktari umuulize kwa heshima, "hii picha ikitoka, matibabu yangu yatabadilika nini?" Akikupa sababu inayoeleweka msikilize.

Fizio_wa_Zamu

Na vaa nguo rahisi kupandisha mgongoni na magotini, wengi wanakuja na nguo za kubana tunashindwa kuwapima vizuri. Andika kwenye karatasi mambo matatu ambayo mgongo umekuzuia na unataka kuyarudia, mfano kukaa kwenye cherehani kwa masaa mangapi, kubeba nini, kulala mpaka saa ngapi. Mpe fizio hiyo karatasi, ndo mtakayokuwa mnaitumia kuangalia kama unaendelea vizuri ukirudi. Ukishaonana naye rudi hapa uandike kakupa mazoezi gani, nitakuelekeza pale utakapokwama.